Ira Aldridge: Mwigizaji Mweusi Aliyenyimwa Jukwaa la London

Vijana wetu wa shule huyajua vema majina ya watu weusi waliojipatia sifa ng'ambo kwa kuupinga utumwa na ubaguzi wa rangi. Humjua Toussaint Louverture, aliyeliongoza jeshi la watumwa wa Haiti. Humjua Frederick Douglass wa Marekani, aliyetoroka utumwani akawa msemaji wa ndugu zake. Wazee nao wanaikumbuka sauti nzito ya Paul Robeson katika santuri. Lakini miaka mia moja kabla ya Robeson, alikuwapo mtu mweusi mwingine aliyepanda jukwaani mbele ya wafalme wa Ulaya na kuwatoa machozi, na jina lake halitajwi sana siku hizi. Mtu huyo ni Ira Aldridge.

Tumeona vema tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo kila taifa lililowahi kutawaliwa halina budi kujiuliza. Swali lenyewe ni hili: ni nani mwenye haki ya kuamua mtu mweusi aonekane vipi mbele ya macho ya ulimwengu?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa katika karne ya 19. Wakati huo hapakuwa na sinema wala redio. Mkazi wa mji mdogo wa Uingereza, ambaye pengine hakupata kumwona Mwafrika hata mara moja maishani mwake, alipata picha ya Mwafrika kutoka katika ukumbi wa michezo ya kuigiza. Mtu aliyeutawala ukumbi huo alikuwa meneja. Yeye ndiye aliyepanga nyumba, akachagua tamthilia, akawaajiri waigizaji na kuwalipa mishahara, akatoa matangazo, na hasara ikitokea ilikuwa yake. Mara nyingi meneja huyo alikuwa pia mwigizaji mkuu. Kwa hiyo kuwa meneja kulikuwa na maana zaidi ya kupata faida. Kulikuwa ni kushika amri ya jukwaa zima.

KUZALIWA NA MALEZI

Ira Frederick Aldridge alizaliwa tarehe 24 Julai, 1807, katika jiji la New York. Baba yake, Daniel, alikuwa mchuuzi wa majani makavu na mhubiri wa kanisa. Mama yake aliitwa Luranah. Hakuzaliwa mtumwa, lakini uhuru wa mtu mweusi katika jiji hilo ulikuwa uhuru wa mashaka. Sheria ya kuufuta utumwa katika jimbo la New York ilipitishwa mwaka 1799, tena kwa hatua za kusuasua, na watumwa wa mwisho wa jimbo hilo hawakuachiwa huru mpaka tarehe 4 Julai, 1827. Maana yake ni kwamba Ira alikua akiwaona watumwa barabarani, watu wa rangi yake na wa lugha yake.

Alisoma katika Shule Huru ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1787 na chama cha watu waliotaka watumwa waachiwe huru. Shule hiyo haikuwa ya mzaha. Ndiyo iliyomlea pia James McCune Smith, aliyekuja kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa tiba, ingawa naye ilimbidi kuvuka bahari na kuipatia Glasgow mwaka 1837, kwa kuwa vyuo vya nchi yake vilimfungia mlango. Inasemekana kwamba baba yake Ira alitaka mwanawe awe mhubiri kama yeye. Sauti ya kuhubiria kijana alikuwa nayo, ila moyo wake ulikuwa umekwisha vutwa na jukwaa.

Katika thieta kubwa za New York, mtu mweusi aliruhusiwa kuketi kule juu kabisa, mbali na wazungu. Kuigiza hakuruhusiwa kamwe. Ndipo mwaka 1821 mtu mweusi mmoja, William Brown, aliyewahi kuwa mtumishi katika meli, alipoanzisha thieta ya watu weusi wenyewe. Waigizaji walikuwa weusi na meneja alikuwa mweusi, nao walianza na mchezo wa Shakespeare uitwao Richard III. Brown alitunga pia tamthilia yake mwenyewe juu ya uasi wa watu weusi wa kisiwa cha St Vincent dhidi ya Waingereza.

Jambo hilo halikuvumiliwa. Polisi waliingia ukumbini na kuwakamata waigizaji, na wahuni wakawavamia na kuvunja vifaa vyao. Baada ya miaka michache thieta ya Brown ikatoweka. Ira alikuwa kijana mdogo aliyekuwa akijifunza kazi mahali hapo, na inasemekana kwamba mara ya kwanza alipopanda jukwaani aliigiza Rolla, shujaa wa Peru anayepigana na wavamizi wa Kihispania. Hapo alijifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu mweusi anao uwezo wa kuendesha thieta, na kwamba wako watu watakaofanya kila hila asiendeshe.

KUVUKA BAHARI

Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 17, Aldridge alisafiri kwenda Uingereza, akilipia safari kwa kufanya kazi ya utumishi melini. Hakurudi tena Marekani mpaka kufa kwake.

Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha pata nafasi katika thieta ndogo ya mashariki ya London, mtaa wa mabaharia na makuli, akaigiza Othello, yule jemadari mweusi wa Venisi anayedanganywa na msaidizi wake mpaka akamuua mke wake asiye na hatia. Baadaye mwaka huohuo wa 1825 alichukuliwa na thieta ya Coburg, ambako aliigiza mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani Surinam akaongoza uasi. Watazamaji wa kawaida walimshangilia. Baadhi ya magazeti makubwa yalimdhihaki, hata mwandishi mmoja akafikia kudai kwamba umbo la midomo yake halimwezeshi kuyatamka sawasawa maneno ya Kiingereza. Msomaji na akumbuke kwamba Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo.

Mwaka huohuo alimwoa Margaret Gill, mwanamke Mwingereza. Ndoa hiyo iliongeza maneno ya watu, lakini Margaret alidumu naye mpaka alipofariki mwaka 1864.

Katika miaka hiyo matangazo yalimtaja kwa jina la Roscius wa Afrika. Roscius alikuwa mwigizaji maarufu wa Roma ya kale, ambaye naye alizaliwa mtumwa. Zaidi ya hayo, kulitangazwa habari kwamba Aldridge ni mjukuu wa mtawala wa Kifulani huko Senegal. Habari hiyo haina ushahidi. Mahali alipozaliwa ni New York. Sisi ambao kazi yetu ni kutoa habari kwa umma tunaelewa kwa nini ilitangazwa. Mzungu wa wakati ule, aliyemdharau mtoto wa mchuuzi mweusi, alikuwa tayari kutoa shilingi yake kumtazama mwana wa mfalme kutoka Afrika. Hata hivyo, tunaamini kwamba ukweli wake ni mkubwa kuliko tangazo lake. Mjukuu wa mfalme kupata heshima si ajabu. Ajabu ni mtoto wa mhubiri maskini kuipata, tena kwa jasho lake mwenyewe.

MENEJA WA COVENTRY

Kwa kuwa thieta kubwa za London hazikumtaka, Aldridge alikwenda mikoani. Mwaka 1828 alifika Coventry, mji wa wafumaji hariri na mafundi wa saa katikati ya Uingereza. Aliigiza, akapendwa, na hapo likatokea jambo ambalo halikuwa limetokea kabla yake: alikabidhiwa umeneja wa thieta ya mji huo. Alikuwa na umri wa miaka 20. Anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuisimamia thieta nchini Uingereza.

Tuitazame hali hiyo kwa makini. Huo ulikuwa mwaka 1828, wakati ambapo katika makoloni ya Uingereza huko Karibi mamia ya maelfu ya watu weusi walikuwa bado ni mali ya mabwana wao kwa mujibu wa sheria. Katika himaya hiyohiyo, kijana mweusi alikuwa akiwaajiri waigizaji wa Kizungu, akiwapangia kazi na kuwalipa ujira wao. Kila mtu aliyepata kupewa madaraka juu ya wenzake anajua kwamba amri haikubaliwi kwa sababu ya cheo peke yake. Hukubaliwa pale mwenye kuitoa anapoonekana kuijua kazi. Aldridge aliijua kazi.

Umeneja huo ulidumu miezi michache tu, lakini matunda yake yalionekana. Alikuwa na desturi ya kujitokeza mbele ya pazia mwisho wa onyesho na kuwaeleza watazamaji, kwa heshima na bila woga, juu ya dhuluma ya utumwa. Baada ya kukaa kwake mjini hapo, wakazi wa Coventry walipeleka ombi Bungeni wakitaka utumwa ufutwe. Wanahistoria wanaona kwamba mchango wake katika jambo hilo haukuwa mdogo. Watu waliokwisha kumwona mtu mweusi akilia, akicheka, akipenda na kuongoza wenzake, iliwawia vigumu kuendelea kuamini kwamba ndugu zake waliumbwa ili wauzwe mnadani.

SIKU MBILI ZA COVENT GARDEN

Tunafika sasa mahali penye uchungu zaidi katika maisha yake. Tarehe 25 Machi, 1833, Edmund Kean, mwigizaji aliyekuwa na sifa kuliko wote katika Uingereza, alianguka jukwaani akiigiza Othello katika thieta ya Covent Garden, London. Mwanawe, aliyekuwa akiigiza Iago, ndiye aliyemdaka. Kean hakupona, alifariki mwezi Mei. Meneja wa thieta hiyo, Mfaransa aitwaye Laporte, alihitaji Othello mwingine, akamwita Aldridge.

Covent Garden ilikuwa moja ya thieta kuu mbili za nchi. Mwigizaji wa mikoani angeweza kuisubiri nafasi ya namna hiyo maisha yake yote asiipate. Tena wakati wenyewe ulikuwa wa joto la siasa, kwa maana Bunge lilikuwa likijiandaa kujadili mswada wa kuufuta utumwa, na matajiri wenye mashamba ya miwa walikuwa wakitumia fedha na magazeti kuupinga. Kumpandisha Mwafrika jukwaani London katika mwezi huo, akiwa jemadari mwenye mke wa Kizungu, kulikuwa sawa na kutumbukiza kaa la moto katika pipa la baruti.

Aldridge aliigiza tarehe 10 Aprili, pamoja na Ellen Tree, mwigizaji wa kike aliyependwa sana. Watu walioingia ukumbini walimshangilia. Kesho yake baadhi ya magazeti yalimrarua. Gazeti moja liliona ni aibu kwamba mwanamke wa Kiingereza aguswe na mikono ya mtu mweusi mbele ya hadhara, na likamwita kwa kejeli mtumishi wa watu. Jingine lilikuwa limekwisha tangaza vita dhidi yake hata kabla hajaonekana. Wahakiki wachache walimtendea haki, wakakiri kwamba ana sauti nzuri na hisia za kweli, lakini sauti zao zilimezwa na makelele ya wengine. Wakati huohuo homa ya mafua ilikuwa imeenea London na watu wengi waliogopa kwenda penye mikusanyiko. Aldridge aliigiza mara ya pili tarehe 12 Aprili, kisha jina lake likaondolewa.

Siku mbili tu! Miaka minane ya jasho, na safari yote ya kutoka New York, ikakatwa kwa kalamu za watu wachache.

Mwezi Agosti mwaka huohuo sheria ya kuufuta utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ilipitishwa. Serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa kwa kupoteza mali yao. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Ulimwengu uliokuwa na hesabu za namna hiyo ndio uliomhukumu Aldridge, na kwa hiyo tusistaajabu sana kwamba hukumu yake ilipinda.

Wazee wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika Covent Garden, Aldridge alisimama juu ya jukwaa la kuazima. Meneja aliyemwita ndiye aliyemwondoa, naye hakuwa na uwezo wowote juu ya uamuzi huo. Kwa maoni yetu, mambo yote aliyoyafanya katika miaka 34 iliyobaki ya maisha yake yalikuwa ni jibu la siku hizo mbili.

THIETA YA BARABARANI

Jibu lenyewe hakuliandika magazetini. Alifungasha mavazi yake, akapanda gari la farasi, akarudi mikoani. Kwa karibu miaka ishirini alizunguka Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, mji kwa mji. Mahali palipokuwa na kundi la waigizaji, aliigiza nao baada ya mazoezi ya muda mfupi. Mahali pasipokuwa na kundi, alitoa onyesho akiwa peke yake: vipande vya tamthilia, mhadhara juu ya sanaa ya jukwaa, na nyimbo. Thieta yake ikawa popote gari lake liliposimama, na yeye ndiye aliyekuwa meneja wake.

Kwa kuwa amri ilikuwa mikononi mwake, aliweza kufanya mambo ambayo asingeruhusiwa na meneja mwingine. La kwanza ni kwamba aliwapa watazamaji tanzia na kichekesho katika usiku mmoja. Baada ya Othello, alirudi jukwaani akiwa Mungo, mtumishi mweusi mlevi katika kichekesho cha zamani kiitwacho The Padlock. Waigizaji wa Kizungu walikuwa wakijipaka masizi na kumfanya Mungo kuwa mjinga wa kuchekwa. Watu waliomwona Aldridge kwanza akiwa jemadari hawakuweza tena kusadiki kwamba Mungo ndiyo sura halisi ya Mwafrika. Walitambua kwamba ni uigizaji, tena wa mtu hodari.

La pili ni kwamba alikataa kufungiwa katika nafasi za watu weusi. Alijipaka rangi nyeupe usoni, akaigiza Mfalme Lear, Richard wa Tatu, Macbeth, na Shylock, yule Myahudi mkopeshaji fedha ambaye wasomaji wa Kiswahili wamemfahamu kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969. Watu waliomtazama walieleza kwamba Shylock wake hakuwa kikaragosi. Alikuwa mtu wa taifa linaloonewa, aliyechoka kuonewa. Si vigumu kujua Aldridge aliipata wapi maana hiyo.

La tatu, na lenye ujasiri kuliko yote, ni kuibadili tamthilia ya Shakespeare yenyewe. Katika Titus Andronicus yumo mtu mweusi aitwaye Aaron, ambaye mwandishi alimfanya kuwa chimbuko la uovu mwingi. Aldridge alishirikiana na mtunzi C. A. Somerset wakauandika upya mchezo huo, wakaondoa matendo yake ya kutisha, na Aaron akawa shujaa anayeilinda heshima yake na mtoto wake. Yako mengi ya kubishaniwa juu ya kuirekebisha kazi ya mtunzi mkubwa. Lakini maneja wengi wa Kizungu wa wakati ule walikuwa wakizikata na kuzipamba tamthilia hizohizo kwa ajili ya faida tu. Aldridge alikuwa na sababu nzito zaidi.

NISHANI ZA ULAYA

Mwezi Julai mwaka 1852, Aldridge alivuka bahari tena, safari hii kuelekea bara la Ulaya. Alianzia Ubelgiji, akaingia Ujerumani, kisha Austria na Hungaria. Yeye aliigiza kwa Kiingereza, na wenzake walimjibu kwa Kijerumani au kwa lugha yao nyingine. Jambo hilo lingeweza kuharibu mchezo, lakini mambo yalikwenda kinyume. Watazamaji wasiojua neno hata moja la Kiingereza walimfuata kwa macho, kwa mwendo wake na kwa kupanda na kushuka kwa sauti yake.

Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu ya sanaa na sayansi. Mwaka 1858 mtawala wa Saxe-Meiningen naye alimtunuku nishani ya heshima. Mtu aliyeitwa mtumishi na gazeti la London alikuwa sasa akivaa kifuani nishani za watawala. Mwaka huohuo aliigiza Othello katika thieta ya Lyceum, London, na mwaka 1865 akaigiza katika thieta ya Haymarket, katikati ya jiji lilelile lililomfukuza.

Mwishoni mwa 1858 alifika St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wa wakati ule. Mamilioni ya wakulima wa Urusi walikuwa bado wakiishi chini ya mabwana wa ardhi, wakiuzwa na kununuliwa pamoja na mashamba. Hawakuachiwa mpaka 1861. Katika mji huo Aldridge alikutana na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine. Shevchenko alizaliwa katika hali hiyohiyo ya utumwa wa ardhi, akakombolewa kwa fedha mwaka 1838, kisha akapelekwa uhamishoni miaka kumi kwa sababu ya mashairi yake. Hawakuwa na lugha moja. Binti wa rafiki yao, Fyodor Tolstoy, ndiye aliyekuwa akiwatafsiria. Waliimbiana nyimbo za watu wao, na mwezi Desemba Shevchenko alimchora Aldridge kwa penseli. Mchoro huo ungalipo mpaka leo. Mwana wa taifa lililouzwa baharini na mwana wa taifa lililouzwa pamoja na ardhi walielewana bila kuhitaji maneno mengi.

Katika miaka iliyofuata Aldridge alirudi Urusi mara kwa mara, akafika Moscow, Kyiv, Odessa na Kazan, akisafiri katika baridi kali na kuigiza katika miji ambayo waigizaji wengi wa Ulaya ya magharibi hawakuifikiria. Fedha alizozipata hakuzila peke yake. Alipeleka msaada Marekani kwa watu waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa utumwa. Mwaka 1863 alipewa uraia wa Uingereza.

Hatupendi kumfanya malaika. Maisha ya safari yaliiumiza nyumba yake. Alipata watoto nje ya ndoa wakati Margaret angali hai, wakiwamo watoto aliozaa na Amanda von Brandt, mwanamke kutoka Sweden, ambaye alimwoa mwaka 1865 baada ya kufiwa. Mwandishi wa maisha ya mtu hana haki ya kuyaficha mambo hayo kwa sababu tu mtu mwenyewe anastahili sifa.

KUFARIKI KWAKE

Mwaka 1867 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha miaka miwili iliyopita, na utumwa umefutwa. Aldridge alikuwa katika mazungumzo ya kwenda kuigiza katika nchi aliyozaliwa, ambayo hakuiona kwa miaka 43. Kabla ya hapo alikuwa na ahadi katika mji wa Łódź, Poland, uliokuwa chini ya utawala wa Urusi. Huko aliugua ugonjwa wa mapafu, na tarehe 7 Agosti, 1867, akafariki, siku chache tu baada ya kutimiza umri wa miaka 60. Watu wa Łódź walimzika kwa heshima katika makaburi ya Waprotestanti wa mji huo, na kaburi lake linatunzwa hadi leo.

Mbegu aliyoipanda haikufa. Binti yake, Amanda Aldridge, aliyezaliwa 1866, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mwalimu wa sauti mjini London mpaka alipofariki mwaka 1956. Miongoni mwa watu aliowafundisha alikuwamo Paul Robeson, wakati alipokuwa akijiandaa kuigiza Othello London mwaka 1930. Miaka 13 baadaye, mwaka 1943, Robeson aliigiza Othello huko New York pamoja na waigizaji wa Kizungu, na mchezo huo ukaonyeshwa mara 296. Katika jiji ambamo polisi waliwakamata waigizaji wa William Brown, mtu mweusi sasa alisimama mbele ya umati akiwa jemadari wa Venisi. Jina la Aldridge limewekwa katika ukumbusho wa waigizaji wakuu huko Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare. Mwaka 2007 kibao cha ukumbusho kiliwekwa katika nyumba yake ya London, na mwaka 2017 watu wa Coventry nao wakaweka kibao mahali ilipokuwa thieta aliyoisimamia akiwa kijana wa miaka 20.

Maisha haya yanatufundisha nini? Wengine watasema yanatufundisha uvumilivu, na hatuwapingi. Lakini uvumilivu peke yake ungemwacha Aldridge akisubiri mlangoni pa Covent Garden mpaka kufa. Yeye alitambua kwamba anayeimiliki njia ya kuonyesha ndiye anayeamua kitakachoonyeshwa. Kwa hiyo aliushika umeneja wa jukwaa lake, akachagua tamthilia zake, akaibadili ile iliyomtukana, na akalipeleka jukwaa hilo kwa kila taifa lililokuwa tayari kumsikiliza. Nchi zetu leo zina redio zake, magazeti yake, televisheni zake na vikundi vyake vya sanaa. Mambo hayo wengine huyaona kuwa anasa, ya kushughulikiwa baada ya barabara na mashamba. Ndugu wasomaji, na tuyaangalie upya. Kama sisi wenyewe hatutajionyesha kwa ulimwengu jinsi tulivyo, watakuwapo daima watu wengine walio tayari kujipaka masizi na kuifanya kazi hiyo kwa niaba yetu.